Masika wa Ndosho, Mti Ulionitia Wivu

Papa Élisée, mwaka umetimia tangu utuache hapa Goma, na watu bado wananiuliza kama nimezoea. Sijazoea.

Ulikuwa mwalimu mpole. Mkate wako uliwagawia wanafunzi, ukarudi nyumbani na njaa na kuisifu sombe yangu ya majani ya muhogo hata ilipokosa chumvi. Lakini Jumamosi hukuwa wangu. Ulipanda pikipiki kwenda mtaa wa Ndosho na kisu chako kidogo, kubandua magome ya miti na yale magamba ya kijivu yanayoota juu yake. Ulisema hayana mizizi, yanakula hewa tu, kwa hiyo yanatunza madini yote ya moshi wa mafundi wanaoyeyusha betri.

Kila mti uliupa jina, nami sikujua. Siku moja nikakusikia kwenye simu: "Masika iko na risasi mingi mu mwili. Lazima niende kumuona." Huruma sikuwa nayo. Nilivaa kitenge cha sikukuu, nikakufuata kwa pikipiki, nimwone huyo mwanamke aliyepigwa risasi. Nikakukuta umekumbatia mti wa avoka. Kumbe risasi yako ni yale madini ya betri.

Mdogo wangu Charline, nilipomsimulia, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Kwetu Wanande, Masika ni jina la binti wa kwanza, nami nilikuzalia wavulana tu. Jina nililolingoja miaka yote ukalipeleka kwa avoka!

"Mama Élisée," ukaniambia, "muti haidanganyake. Fundi anasema moshi ni ya volkano. Masika anasema ni ya fundi mwenyewe."

Hukuchoka mpaka tanuru lile la kuyeyushia betri likahamishwa mbali na nyumba za watu. Miti ya mtaa mzima uliipima, kikohozi chako ukakiita mafua. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Majirani wa Ndosho waliomba misa yako isomwe chini ya Masika. Nimekataa. Itasomwa parokiani, Jumapili, misa ya kwanza.

Wiki iliyopita nilipita pale. Magamba mapya yameanza kuota kwenye gome lake, hewa imekuwa nzuri. Yeye anapona, Papa Élisée. Mimi bado.

Tunaokukumbuka: wanao Élisée na Benny, shemeji yako Charline, wanafunzi wako, na mkeo Marie-Louise. Sote hatutakusahau kamwe, na mimi kuliko wote.