Barua Nne Zenye Jina Lako

Kwako Baba Asende, huko Lulimba,

Mwanao Asende ameota meno mawili. Nimeanza na habari njema kwa sababu habari ya pili imeniweka roho juu.

Unakumbuka asubuhi ile uliponitwika kapu la samaki wa ndagala pale ziwani? Nilicheka nikiziba mdomo kuficha pengo langu. Ukasema, "Ondoa mukono. Unacheka muzuri." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Ulipokwenda kuchimba dhahabu uliniaga kwa maneno machache: "Nitarudi. Mi siko muntu ya maneno mingi." Habari za mtoto nilikutumia kwa mdomo wa shoferi wa lori. Sijui kama zilifika.

Sisi wasichana tuliozaa mapema hukutana mtoni tukiloweka mihogo, watoto mgongoni, na wenye barua za mabwana huzisoma kwa sauti. Nyasa, niliyekuwa naye darasani, huitwa "nyota yangu" karibu kila mstari. Siku moja akanigeukia: "Na we? Bwana yako hajue kuandika, ao hakupende?"

Kesho yake nami nilikuja na barua. Niliiandika mwenyewe kwenye daftari langu la shule, nikatia jina lako chini. Wakapiga vigelegele! Basi nikaandika nyingine, mpaka zikawa nne. Katika ya nne uliniahidi mbuzi wa mahari na ndoa ya kanisani.

Jana baba alizikuta sandukuni. Nilidhani atanipiga, kumbe alicheka, mara ya kwanza tangu mimba yangu ijulikane. "Karatasi haiseme uongo," akasema. "Kesho kutwa tunapanda Fizi, chefu atasoma yote." Anawashitaki wazazi wako mbele ya chifu huyo kwa ahadi yako. Je, mama yako akisema huo si mwandiko wako? Je, nikipewa kalamu niandike mbele ya watu? Tangu jana silali, na mtoto ananyonya akilia.

Nitamwambia baba ukweli leo, akirudi kutoka shamba. Naogopa sana. Najua ataacha kucheka.

Barua hii anaibeba shoferi yule yule. Usidanganye kwa ajili yangu. Ila niandikie mstari mmoja tu, hata wa kunikataa. Nina barua zako nne, na mwandiko wako siujui.

Ni mimi,
Mama Asende, hapa Baraka