Namba Saba Ukutani

S.L.P. 614,
Nyeri.
12 Machi 1989

Mpendwa mdogo wangu Dishon,

Salamu nyingi kutoka Ruring'u. Huko Glasgow hujambo? Mkeo naye? Sisi hatujambo. Mvua imechelewa, magoti yanamsumbua Baba, na Mama tulimzika wiki tatu zilizopita kama telegramu ilivyokueleza. Barua yako ya rambirambi imefika. Ni fupi, na mwandiko ni mzuri.

Unakumbuka ile karatasi ya utafiti wako uliyotutumia, iliyochapishwa ikiwa na jina lako? Mama hakujua Kiingereza, lakini jina lako alilijua. Aliitia fremu, akaitundika sebuleni juu ya redio na kuishonea kitambaa. Kila mgeni alionyeshwa kabla ya chai. "Hii ni kazi ya kijana yangu," alikuwa akisema. Nimeifuta vumbi miaka miwili bila kuigeuza.

Baada ya mazishi niliitoa kwenye fremu ili nitie picha ya Mama. Ndipo nikaona kwamba hata nyuma, upande uliotazama ukuta, pameandikwa.

Nilisoma polepole, mimi ni mwalimu wa darasa la nne tu. Umeeleza vizuri. Kuna kijidudu kinachoishi tumboni mwa wengi wetu tangu utotoni. Askari wa mwili hupigana nacho bila kukitoa, vita hivyo vya miaka mingi huchubua tumbo, na wachache huenda wakapata saratani. Halafu kuna orodha ya watu kumi na wawili uliowapima hapa Nyeri ulipokuja likizo mwaka 1985. Mwanamke ni mmoja tu, namba saba, miaka hamsini na minane. Umeandika kwamba tumbo lake limeanza kubadilika na anafaa kuchunguzwa kila mwaka.

Namkumbuka Mama akimeza ule mpira wa kuchungulia tumbo kwa sababu wewe ulimwomba. Machozi yalimtoka, na bado alikushika mkono usiogope. Alipokuuliza umeona nini, ulimjibu, "Ni gesi tu, Mama. Uko sawa." Akaishi na gesi yako miaka mitatu na nusu, akinywa maziwa baridi, mpaka maziwa nayo yakakataa kushuka. Nakuchukia, Dishon. Nimejaribu kuandika neno lingine, sikulipata.

Sasa katika barua yako unauliza kama mimi na watoto tutakubali kumeza mpira ukija Desemba, maana unataka kuona familia nzima. Tutapimwa, lakini na daktari anayetuita kwa majina.

Fremu nimeirudisha ukutani, upande wa nyuma wa karatasi ukitazama wageni. Jumapili jirani yetu, Mwalimu Gicheru, aliisoma yote akimfasiria Baba. Baba alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo mama wa namba saba, walimwambia?" Nilimwambia utamwandikia wewe.

Mume wangu Simiyu na shangazi Khavere wanakusalimu. Baba anangoja barua. Mungu akupe afya, na siku utakayougua akupe mtu wa kukuambia.

Dadako aliyekubeba mgongoni,
Selpha