Fuwele Zilizofia Njiani

Mama yangu, shikamoo. Naomba Mungu mguu uwe umepata nafuu na maji yasiwe yameuchukua mpunga wa huko Mohoro. Mimi mzima wa mwili tu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia. Dada Mwanaidi atakusomea. Dada, usiruke neno.

Mama, ulinicheka kwamba nimepanda ndege kwenda kusomea mchanga, wakati Mohoro tunao wa kumwaga. Ni kweli. Silikoni imo humohumo mchangani, na kazi yangu huku Ujerumani ni kuiunganisha na chuma, kisha kuthibitisha kwamba vimeshikana. Kitu hicho hakipatani na hewa. Kikiguswa na unyevu kidogo tu, kimekufa. Ndiyo maana nakitengeneza ndani ya sanduku la kioo lililojazwa gesi kavu ya naitrojeni, mikono kwenye glavu ndefu mpaka kwapani. Miaka mitatu naambulia matope ya kahawia.

Mwezi uliopita nikapata fuwele, punje zinazometa kama chumvi ya mawe. Chache, rangi ya chungwa, safi kabisa. Nilipiga kelele peke yangu. Zilibaki kupigwa eksirei tu, tuone silikoni na chuma vimeshikana vipi, na shahada ya udaktari ingekuwa yangu. Nikafanya nini? Nikazitia zote kwenye kichupa, nikampelekea profesa wangu, mzee wa watu, ghorofa ya nne. Kizibo hakikukaza. Nilipofungua kiganja mbele yake, zilikuwa zimeshageuka kahawia.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukupima kwanza?"

Ningemjibu nini, mama? Kwamba kwetu mpunga mpya hauonjwi mpaka mkubwa apelekewe wa kwanza? Ulinifunza adabu, nami nikaitumia pasipo pake. Sikulaumu hata kidogo; najilaumu mwenyewe.

Nimerudia mara mbili, matope yaleyale. Ufadhili unakwisha mwisho wa mwezi huu na wamesema hawaongezi. Nimechoka, mama, wala sioni pa kushika.

Nisalimie mjomba wa Mkongo mwenye mashine ya kukoboa, na shangazi wa Ngorongo aliyekwisha kuanza kuniita daktari. Mwambieni aache. Najua utataka kusema nijaribu tena, Mungu hamtupi mja wake. Safari hii usiseme hivyo. Niambie nirudi nyumbani, mama, maana mwenyewe nimeshindwa kujiambia.

Mwanao,
Saidi