Mwavuli wa Jikoni

Kwako Panzi, mdogo wangu,

Nianze na salamu, maana najua ukizikosa utanuna hadi ukurasa wa pili. Hujambo wewe? Kiuno kimekuacha, au bado kinakukumbusha kazi kila unapoinuka kutoka kwa mzazi uliyemzalisha? Shemeji yangu naye vipi, na watoto wetu? Mwambie yule wa mwisho kwamba mama yake mkubwa ameupata mchoro wa kuku aliyevaa viatu na ameubandika juu ya meza ya kazi, na kila aingiaye humuuliza mchoraji ni nani. Huku kwetu nyumba imesimama, paa limeacha kuvuja tangu fundi alipolirudia, na jirani wa ng'ambo ya ua angali anaimba asubuhi kwa sauti ile ile ambayo Mama alisema inaweza kukwangua masufuria. Anakusalimu sana.

Mimi ni mzima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" kwa makusudi, nawe utaona sababu. Barua hii nimeiahirisha mara nyingi, kwa kuwa yaliyomo si yangu peke yangu. Yanakugusa wewe pia, na ndiyo maana mkono umekuwa mzito.

Yenyewe yalianza kama habari njema. Toleo jipya la *Mwavuli*, jarida la chama chetu cha wasomaji wa vitabu vya Mama, limetoka na limepokewa vizuri kuliko matoleo yote ninayoyakumbuka. Ulijitoa chamani ulipoolewa, lakini nadhani hujasahau desturi yetu. Wasomaji wakianza kutuandikia, hatuzifungui barua zao moja moja. Tunazikusanya kapuni, kisha tunaketi pamoja katika chumba kile cha juu ya duka la fundi viatu, harufu ya gundi ikipanda kupitia mbao za sakafu, na tunazisoma kwa sauti kwa zamu. Hakuna anayeitwa kwa jina la nyumbani. Kila mwanachama ana jina la mnyama kutoka vitabu vya Mama, na jina hilo hapewi mwingine maadamu mwenyewe yumo chamani. Katibu, yule mwalimu mstaafu, bado ni Konokono, na bado anazisoma barua za watoto kwa sauti ya kitoto na za wazee kwa kikohozi. Msaidizi wangu katika uhariri, bwana mrefu aliyekuwa akija na kinasa sauti kumhoji Mama kibarazani, ni Kinyonga. Mimi ni Popo hadi leo. Hilo la Panzi nimelikalia kinyume cha kanuni, nisije nikasikia mtu mwingine anaitikia.

Safari hii karibu kila barua ilisifia ukurasa mmoja. Mwalimu wa darasa la pili alieleza kwamba wanafunzi wake, ambao hata kengele haiwanyamazishi, walikaa kimya alipowasomea, kisha wakamtaka arudie. Dereva wa lori aliandika kwamba alimsikiliza mwanawe akimsomea kwa simu, akalazimika kuegesha gari pembeni kwa sababu barabara ilikuwa imeanza kumtoka machoni. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mtoto hospitalini alisema mtoto aliomba mwavuli ufunguliwe juu ya kitanda, na muuguzi, badala ya kugomba, akaushika yeye mwenyewe. Konokono alipofika hapo sauti yake ilikwama, akasingizia vumbi la bahasha. Tukamcheka sana.

Nami nilicheka, lakini nilikuwa sijui tunasifia nini. Nilimwomba Kinyonga anipitishie jarida, nikafungua ukurasa waliokuwa wakiutaja. Kichwa chake kilikuwa "Mwavuli wa Jikoni". Nilisoma aya ya kwanza, nikasoma ya pili, nikasahau walio chumbani. Panzi, ilikuwa nzuri. Ilisimulia jinsi Mama alivyompata Nungunungu wake, fundi wa miavuli: siku za mvua, paa la jiko letu la zamani likivuja, yeye akipika kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshika mwavuli mweusi juu ya chungu, na watoto wawili wamejibanza chini yake wakimenya vitunguu. Nilipofika mwisho nilitamka kwa sauti kwamba aliyeandika haya anajua kuandika, na kwamba tumtafute atuandikie tena.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Konokono alisema Popo huyu ana tamaa, kusifiwa na wasomaji hakumtoshi, sasa anajisifu mwenyewe. Nilitazama chini ya ukurasa. Palikuwa na jina langu.

Nilicheka nao. Sijui kama umewahi kucheka huku vidole vimekufa ganzi. Nilimimina chai, nikapokea zamu yangu, nikasoma barua ya mtoto aliyeuliza kama nungunungu hulala chali. Moyoni nilikuwa nikisema jambo moja tu: mimi sijaandika ukurasa huu.

Nilirudi nyumbani nao. Unajua nilivyo, sikutaka kuogopa kabla ya kufikiri. Nikajiambia kuna mtu ameandika kwa jina langu. Lakini nilipousoma tena ndipo hofu ilipopata mahali pa kukaa. Mwandishi alitaja kwamba njiti moja ya mwavuli ule ilivunjika, na Mama akafunga mahali pake sindano ya kufumia, ile ya rangi ya zambarau. Hilo nani analijua? Mwavuli ulitupwa tungali wadogo. Tulilijua watatu, na mmoja tumemzika. Nilibadilisha kufuli la mlango wa nyuma. Nikawa nikiingia chumbani nasimama kwanza kizingitini kuangalia kama viti viko nilivyoviacha, na kila mara nilishindwa kuapa kwamba viko. Usiniulize kwa nini sikukupigia simu. Nadhani niliogopa ungesema kitu cha busara.

Nikamfikia Kinyonga. Ushahidi wangu ulionekana kamili, na sasa naona haya kuuandika. Ndiye aliyekuwa na kanda za mahojiano ya Mama. Huenda Mama alimtajia sindano. Ndiye aliyepanga kurasa. Hata mtindo niliuchambua, nikihesabu vituo na viunganishi kama nilivyofundishwa chuoni, na nikathibitisha, kwa kuridhika kabisa, kwamba mwandishi alikuwa mtu anayejitahidi kuiga namna yangu. Nilimshtaki mbele ya wenzetu. Nilimwita mwizi wa utoto wa watu. Konokono alijaribu kuingilia, akaniambia Popo, shuka kidogo, nami nikamjibu vibaya. Kinyonga aliweka ufunguo wa chumba mezani, akachukua koti lake, na alipofika mlangoni akasema tu kwamba yeye angetamani sana kuweza kuandika hivyo. Hajarudi.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mpiga chapa nikitafuta uthibitisho wa mwisho. Nilimkuta ameinama juu ya mtambo, mafuta hadi viwikoni, na aliponiona alifurahi kama mtu aliyekuwa akiningoja. Nilimuuliza nani alileta ukurasa ule. Akadhani namtania. Alisema ni mimi, nani mwingine. Nilikuja mvua ikinyesha, peke yangu, nikaketi kwenye lile boksi la karatasi karibu na dirisha, nikasahihisha kwa penseli. Yeye alikuwa ameandika "sindano ya kushonea", nami nikamcheka, nikamwambia mwanamume asiyewahi kufuma hata soksi asibishane na mimi kuhusu sindano. Aliniigiza nilivyocheka. Alipatia. Kisha akafungua kabati, akatoa mtandio wangu wa kijivu, ule ulioniletea wewe, akasema niliusahau siku hiyo na alikuwa akijiuliza kwa nini siufuati. Nilikuwa nimeutafuta nyumba nzima. Nilikuwa nimemshuku hata jirani.

Niliuchukua. Ulikuwa na harufu ya wino. Njiani nilijaribu bado kujitetea: labda mpiga chapa na Kinyonga wamepanga, labda mtandio uliibwa. Nilisimama pembeni ya barabara na kuusikiliza uchambuzi wangu mwenyewe, nikaona unavyohangaika kama mtu anayejaza maji kwenye kikapu. Hata hivyo sikuamini mara moja. Nilijiambia nimechoka, silali vizuri, na mtu yeyote anaweza kusahau kazi moja kati ya nyingi. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Bado nasema yanaweza.

Ila kuna jambo ambalo sikuwahi kukueleza kuhusu Mama, nami nalieleza sasa kwa sababu bila hilo hutaelewa ninachokiogopa. Wasomaji tuliwaambia macho yake yamedhoofika, ndiyo maana haandiki tena. Wewe ulikuwa masomoni, ukaja kuyaona mambo yalipokuwa yamekwisha kuwa makubwa, alipokuwa akikuita kwa jina la dada yake. Hukuuona mwanzo. Mimi niliuona. Tulikuwa kibarazani, nikimsomea kutoka kitabu chake cha kwanza, pale Nungunungu anapokataa kumshonea mfalme mwavuli wa dhahabu. Mama alisikiliza kwa makini, kichwa kimeinama upande kama alivyozoea. Nilipomaliza aliniuliza kitabu hicho ni cha nani. Kabla sijajibu akaniambia, kwa furaha isiyo na hila yoyote, kwamba aliyeandika haya anajua kuandika.

Unaona, mdogo wangu. Nilitamka maneno ya Mama, mbele ya watu, na nikayacheka.

Nimekwenda kwa daktari. Si mzee, wala hakuniogofya. Alinitaka nichore saa, nichore mishale yake, nirudie maneno aliyoyataja mwanzo. Niliyarudia. Alisema huenda ni usingizi, huenda ni damu, huenda ni huzuni ya Mama ambayo sikuipa nafasi, na huenda ni kile ninachokifikiria. Hawezi kusema kwa kunisikiliza mimi peke yangu. Alieleza kwa upole kwamba niliyoyasahau siwezi kumsimulia. Anataka nirudi na mtu anijuaye tangu utotoni, aulizwe yeye. Panzi, mtu huyo ni mmoja tu aliyebaki. Na najua ninachokuomba. Wewe pia ni mtoto wa Mama. Ukija kuketi kwenye kiti kile kujibu maswali kuhusu mimi, utakuwa unayasikia yote kwa masikio yako mwenyewe, na safari ya kurudi utakuwa unajipima kila unapolikosa jina la mtu. Ningeweza kukuepusha na hilo kwa kunyamaza. Nilijaribu. Nimegundua kwamba mimi si jasiri kiasi hicho.

Limebaki la Kinyonga. Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Alinifungulia, akanipa kiti, akazima redio, akaniacha niseme yote bila kunikatiza: kwamba nilimdhulumu, kwamba ukurasa ni wangu, kwamba ufunguo wake unamngoja. Nilipomaliza akasema kwa sauti ya chini, akiangalia mikono yake, kwamba alinisamehe tangu mara ya kwanza. Nikamuuliza mara ya kwanza ipi. Akasema jana, Popo. Ulikaa hapo hapo.

Hakuna zaidi ya hilo la kukueleza, wala sitaki kulitafsiri. Nimejifunza kutoyaamini sana mahitimisho yangu, na safari hii ningependa sana niwe nimekosea.

Nisalimie shemeji, na umwambie asinikasirikie nikikuazima kwa siku chache. Wabusu watoto, hasa yule mchoraji. Konokono anakusalimu, sijamweleza kitu, ingawa siku hizi ananiangalia kwa upole unaoniudhi. Jirani naye nimekwisha kukupa salamu zake huko juu. Nimerudi kutazama ili nihakikishe.

Na ombi langu la mwisho ni hili. Ikiwa barua hii si ya kwanza, ikiwa umekwisha kusoma habari ya mwavuli na mtandio na Kinyonga kwa mwandiko huu huu, basi usinijibu kana kwamba ni mpya kwako, na usinifiche kwa kunihurumia. Usiandike chochote. Njoo tu.

Nakungoja,

Dada yako,
Popo