Swali Lako la Msuguano

Mwalimu Musyoka,

Tulikuzika Machakos Jumamosi, na Jumatatu nikapewa darasa lako la kidato cha nne. Ndiyo, mimi Wanjiru, yule mwanagenzi uliyemfundisha kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo. Usicheke, tafadhali.

Nianze na ile grupu yako ya simu. Unakumbuka walimu walivyokusema ulipoifungua? Eti mzee mzima anafundisha fizikia mahali watoto wanatumiana vichekesho. Ukawajibu, "Huko mtandaoni wataenda tu. Wacha wanikute nimeshafika." Basi kila jioni ulituma sauti. Unakohoa kwanza, kisha, "Watu wangu, mmekula?" Ndipo swali lije, na watoto wa Kawangware waombe simu za wazazi wakapige picha ya jibu mtaani. Hata wewe ulinisimamisha katikati ya River Road, watu wakitusukuma, kisa unapiga picha mkokoteni unaburuta kipande cha tairi ndiyo breki. Nilikuonea haya siku hiyo. Leo picha hiyo ndiyo ninayofundishia.

Swali lako la mwisho lilikuja vivyo hivyo. "Watu wangu, mmekula? Nitafutieni msuguano unaofanya kazi nzuri. Sitaki viatu vilivyolika." Kabla hawajajibu, ukatuacha.

Grupu ikanyamaza, Mwalimu. Mtihani unakaribia na hakuna anayeandika hata neno. Nikawauliza darasani, nikawafokea kidogo, wakainamisha vichwa. Mwishowe Brayo, yule msumbufu wako wa nyuma, akasema, "Ticha, mtu akiandika, ujumbe mpya utaisukuma sauti ya mwalimu, itapanda juu ipotee."

Walikuwa wamesimama pale pale ulipowaacha, na ukweli usemwe, hata mimi. Nilikuwa nikifungua simu, naitazama tu ile sauti yako, naifunga. Niliogopa sana kwamba darasa lako litanifia mikononi.

Unamjua Mwende, yule asiyefungua mdomo darasani, ambaye mamake husuka nywele Kenyatta Market. Jumapili iliyofuata simu yangu ikalia, ni grupu. Ilikuwa picha ya mikono ya mamake katikati ya msuko. Halafu sauti, ndogo kabisa, saluni yote ikipiga kelele nyuma yake: "Mwalimu, msuguano ndio huu. Unywele unashika mwenzake. Bila huo, mteja angesimama na kichwa chote kifumuke." Kisha akaongeza, "Na nimekula."

Nililia, Mwalimu, nikiwa nimeshika sufuria. Brayo akafuata na picha ya fundi akikaza nati. Akaandika, "Nimekula." Wakaja wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikwambia amekula. Sauti yako ilipanda juu hadi nikaacha kuiona, na sikuumia nilivyodhani.

Asante kwa hawa watoto. Asante kwa kunivumilia mwaka mzima nikijifanya najua. Jana nilituma sauti yangu ya kwanza. Nilikohoa kama wewe, sijui hata kwa nini, na kabla ya swali nikawauliza kama wamekula. Nitawauliza kila jioni mpaka wamalize mtihani, na watakaokuja baada yao pia.

Lala salama, mwalimu wangu. Mimi pia nimekula.

Wanjiru wako