Mkwaruzo wa Upande wa Pili

Jumanne, 1 Machi 1966

Tolliver anakuja! Lucius Tolliver mwenyewe, Jumapili hii saa tisa alasiri, klabu ya Larkspur, hatua chache kutoka saluni. Bi Odessa mwenye saluni kaleta habari nikiwa na chanuo la moto mkononi – nusura nimuunguze sikio mke wa mchungaji. Meneja wa klabu anatafuta mtu wa kumtangulia jukwaani kwa dakika kumi. Bi Odessa kashanitaja, bila kuniuliza. Eti miaka mitatu nawavunja mbavu wateja wake bure, sasa nikawavunje na wengine.

Naandika hapa maana nikimwambia mtu ataniona mwehu. Kusema nilijifunza kwa mtu huyu. Kabla yake mchekeshaji mweusi alijipaka masizi usoni, akavaa suruali ya kupwaya, akaanguka ili watu wacheke. Tolliver alipanda na suti ya kijivu, akasimama, akasema. Basi. Mwenye nyumba, polisi, foleni ya kutafuta kazi – maisha yetu yaleyale, na hakuna aliyeaibika ila aliyestahili. Wote wanaochekesha leo hapa Chicago wanapita njia aliyoifyeka yeye. Hata wasiomtaja.

Mama sijamwambia.

Jumatano, 2 Machi

Mazoezi mbele ya kioo cha saluni baada ya wateja kuondoka. Santuri yake ninayo tangu nina miaka kumi na mitatu, ile iliyouzwa chini ya meza imefungwa karatasi ya kaki. Naijua yote kwa moyo, hadi vikohozi. Kisa nikipendacho kiko upande wa pili. Mwenye nyumba anagonga mlango, anaapa kwamba nyumba yake haina baridi – na papo hapo yuko magotini, analia, anaomba blanketi! Hakuna katikati. Unaachiwa uijaze mwenyewe. Akili gani hiyo!

Mama alinifuma naisikiliza, Jumapili moja, katoka kanisani. Mama ni mhudumu wa kanisa, ndiye anayepanga watu vitini, na glavu zake nyeupe havui mbele za watu ila kwa mambo mawili: kula na kupiga. Siku hiyo hapakuwa na chakula. Alivua ya kulia, akaunyakua mkono wa gramafoni kama anayeng'oa gugu, kisha akanigeukia. Santuri ilipona. Shavu langu halikupona.

Ijumaa, 4 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa sita mchana nimeitwa kujaribiwa, klabu tupu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Tolliver keshafika mjini, kakaa mstari wa tatu na kahawa yake. Mfupi kuliko nilivyodhani. Kachoka macho. Kasema, haya binti, nionyeshe. Nikamwonyesha – kazi yake mwenyewe, dakika kumi nzima, sauti yake, mwendo wake! Nilidhani namheshimu. Kwetu kwenye kwaya mtu huimba wimbo wa mwenzake na haitwi mwizi. Mpiga piano aliyekuwa anafuta vitufe vyake aliacha kufuta. Akaniangalia kama mtu aliyevaa viatu vya marehemu msibani.

Tolliver hakufoka. Aliniuliza kila nikinyamaza huwa namngoja nani. Nikasema nawangoja watu wacheke, kama kwenye santuri.

"Hao walicheka Detroit mwaka hamsini na tisa," akasema. "Wameshakwenda makwao."

Nilitamani sakafu inimeze. Kisha akakirudia kisa cha mwenye nyumba. Katikati nimeipeleka wapi? Nikamwambia haina katikati, ndivyo ilivyo kwenye santuri. Akaweka kikombe chini, akaisema palepale alipokaa – bomba lililopasuka, binamu wa mwenye nyumba, ndoo, maneno ya nusu dakika nzima. Sijapata kuyasikia maishani!

Ndipo nikaelewa. Mama. Mkono wa gramafoni. Sindano ilikwaruza, na miaka saba santuri yangu inaruka pale pale, nami nikadhani ni ufundi.

Nikamweleza yote, glavu na shavu. Akaanza kucheka, taratibu, peke yake, hadi akavua miwani.

"Miaka yote naibeba ile katikati kama godoro kwenye ngazi," akasema. "Binti, huo mruko ni wako. Vingine vyote nirudishie."

Na Jumapili nisimulie nini? Akasema nimeshakisimulia sasa hivi. Mama yangu na santuri. Ndicho kisa.

Ni kama amenivua nguo na kunivika, saa moja hiyohiyo. Nampenda mzee huyu!

Jumamosi, 5 Machi

Siku ya vichwa vingi saluni, vidole vimevimba. Mke wa mchungaji kamwambia Mama. Nimerudi nimemkuta anaoka pai ya viazi vitamu, kimya. Kimya cha Mama ni kibaya kuliko mkono wake. Nimeshika kitasa cha chumba ndipo akasema.

"Kesho nitakuja. Nione nilichokizaa."

Nimemkimbilia Bi Odessa kwake. Nikamwambia nitabadilisha, nitasimulia habari za saluni. Akaniambia sawa, nimfiche Mama, lakini nikishamficha nitabakiwa na maneno ya Tolliver tu, na hayo nimeambiwa nirudishe. Ni kweli. Ila si mama yake Bi Odessa atakayekaa mstari wa mbele.

Namuogopa. Na namtaka acheke. Sijawahi kumfanya acheke, hata mara moja.

Jumapili, 6 Machi

Chumba cha kuvalia, nyuma ya pazia. Saa tisa na nusu. Naandika nikingoja zamu yangu.

Mama yuko meza ya kwanza. Kaja moja kwa moja kutoka kanisani, sare nyeupe, mkoba mapajani, glavu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hata maji kayakataa.

Tolliver kageuza mambo. Mkubwa hufunga, ndiyo desturi, hakuna asiyeijua. Leo kaniambia atatangulia yeye. Meneja kabisha, Tolliver kapanda tu. Nachungulia. Suti ni ileile ya kijivu! Watu wako mkononi mwake, hata wahudumu wameacha sinia. Sasa kaanza kisa cha mwenye nyumba – anagonga – anaapa –

Karuka! Karuka kama santuri yangu! Ukumbi umelipuka. Na katikati ya vicheko vyote nimesikia kimoja cha kupitia puani, kama mtu anayekizuia kanisani. Nachungulia. Ni Mama. Mama anamcheka Lucius Tolliver!

Sasa anawaambia mruko huo kakopa kwa binti wa mtaa huu, Verlene Mabry, naye mwenyewe atapanda kuwaeleza aliupataje.

Mama kaacha kucheka. Kanyoosha mgongo. Wananipigia makofi, lazima niende –

Anavua glavu. Ya kulia kwanza, kidole baada ya kidole. Mezani kwake hakuna chakula.