Marehemu Hana Tiketi

Shikamoo, mjomba.

Najua hutaitika. Lakini kila asubuhi tulipokutana stesheni nilikuamkia, nawe ukaniitikia vilevile, "Marahaba, mpwa wangu, tiketi iko wapi?" kama vile mimi ni mtoto wa kupoteza tiketi. Mdomo umeshazoea, uache uamkie.

Kwanza habari mbaya, maana hakuna mwingine atakayethubutu kukwambia. Nimempiga mtani wako Kondo. Nilimpigia ndani ya kaburi lako, kabla hujashushwa, kwa mkono huu uliovunjika, na hogo lake la plasta ya hospitali zito kama tofali. Meno yake ya mbele yalibaki humo. Umezikwa juu ya damu ya Kondo, mjomba.

Usinikaripie kwanza. Unajua nilivyokuwa tangu siku ile walipobandika nauli mpya kwenye dirisha la tiketi. Ulikuwepo. Sisi tunaolala Bigwa na kubandika vigae Dar, tulioyapanga maisha yetu yote kwa saa za treni, tukasimama tunaikodolea macho karatasi. Yule mama wa mbogamboga akalirusha kapu lake kwenye kioo, karoti zikatapakaa sakafuni. Mimi nikamkaba mlinzi shingo. Ukanibandua kwa nguvu ukisema, "Mwache huyo, hata yeye anarudi kwao kwa miguu." Ulicheka njia nzima. Mimi nilitamani kutafuna chuma.

Tukaacha treni, tukawa wadandiaji wa malori. Ukasema fundi akishamaliza kulipa tiketi, kinachobaki ni vumbi la sementi tu.

Sitaandika sana kuhusu lile fuso. Ulikuwa umekaa juu ya magunia ya mkaa, unanizomea kwa kuogopa upepo. Halafu barabara ikawa juu, sisi chini. Gunia moja lilinivunja mkono. Mengine yalikufunika kifua. Niliyararua kwa meno, mjomba, kwa meno, mkaa ukanijaa kinywani, na nilipokufikia ulikuwa mweusi mwili mzima isipokuwa macho. Nikayafumba mwenyewe. Kisha nikamtafuta dereva nimuue, nikaambiwa na yeye yumo humo ndani, amekufa.

Sasa mimi, mtu wa hasira za namna hiyo, ndiye niliyekwenda kukuzika. Na Kondo, kama ilivyo haki ya mtani, akaruka kaburini, akakaa kitako, kofia ya kaki kichwani na filimbi mdomoni. "Marehemu hana tiketi! Hapandi mtu hapa! Nauli imepanda, ongezeni!" Watu wakacheka. Wanao wakacheka. Shehe mwenyewe alikohoa akageukia pembeni. Ilitosha mtu mmoja amtupie chochote, hata kipande cha muwa, atoke tukuzike. Mtani hakasirikiwi, hilo tumelijua tangu tunanyonya. Lakini mimi nilisikia neno moja tu, nauli, na nikaruka.

Walipotutoa, Kondo hakunitukana. Alifuta mdomo, akaiokota kofia, akapanda kwake mlimani. Kimya kile kiliniogopesha kuliko rungu. Kwetu mtani akiondoka msibani amenuna, matanga hayaanuliwi. Mama yangu, dada yako, akasema hatainuka mkekani mpaka Kondo arudi acheke. Mkeo akakaa naye. Arobaini ikafika, ikapita, mikeka iko palepale. Wanao hawaendi kazini, majirani wamechoka kuleta chakula. Nyumba yako ilikwama, mjomba, na aliyeikwamisha ni mimi.

Nikampandia Kondo mlimani. Nilimkuta anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. "Shikamoo, mtani." Akaendelea kunywa. Nikapiga magoti. Akanipa mgongo. Nilirudi tena, na tena. Siku moja hasira zikanipanda, nikaipiga teke sufuria ya uji, ikaruka mpaka kwenye migomba. Akaitazama tu sufuria yake. Niliteremka najipiga makofi mwenyewe njiani, watu wakadhani nimerukwa na akili.

Jana nilikuwa uani, hogo limeshakatwa, mkono umekonda hauna kazi. Tukasikia filimbi. Kondo huyo! Amejifunga mkononi kipande cha mgomba mfano wa hogo langu. Anakitandika kwenye nguzo, anakitandika kwenye ndoo. Akamkimbiza jogoo akimfokea, "Ni wewe! Ni wewe uliyepandisha nauli!" Akaukaba mpapai shingo. Akaipiga teke sufuria tupu, kisha akajipiga makofi. Aliniiga nilivyo, mjomba, mpaka kutembea kwangu. Mama aliziba uso kwa khanga, mabega yanatikisika, na wanao walikuwa chini wanagaagaa. Nami nilijitazama pale na aibu ikanishika, maana jogoo hakupandisha nauli, wala mpapai.

Akaja mpaka mbele yangu. Akanitandika na mgomba ule mdomoni, kwa nguvu zake zote. Damu ikanichuruzika. Ngumi ilijikunja yenyewe, nakuapia, nikaiona ikijikunja. Nikaifungua.

"Shikamoo," nikamwambia.

Kondo akachomoa mfukoni kofia yako ya kazi, aliyopewa na mkeo bila sisi kujua. Akaivaa upande, ulivyozoea kuivaa. Akakohoa kikohozi chako cha vumbi la vigae.

"Marahaba, mpwa wangu. Tiketi iko wapi?"

Nililia hapo, mjomba. Sikuwa nimelia bado. Nililia na Kondo akanishika, anacheka na pengo lake, damu yangu begani mwake. Mama akainuka, akakunja mkeka.

Nauli haijashuka. Keshokutwa nakwenda stesheni kusimama kwenye foleni, na nitanuna, na nitasema kwa sauti wanisikie mpaka dirisha la mwisho. Sikuahidi kupoa. Lakini shingo ya mlinzi sitaigusa tena.

Ahadi yangu ni hii. Siku Kondo atakapokufa nitakuwa wa kwanza kuruka kaburini mwake, na filimbi. Nitamdai tiketi mpaka ukoo wake wote ukae chini kwa kicheko. Mwenyewe nimeshamwambia, akasema nisisahau kuongeza nauli.

Lala, mjomba. Akifika huko na pengo lake, mpokee, umcheke kwa niaba yangu.

Mpwa wako.